Saa za Kuosha

Fomu ya kuombea kusomea udaktari Amerika ina nafasi kumi na tano za kueleza mambo uliyoyafanya maishani. Siku ya kwanza nilijaza nne, kisha nikakaa nazitazama kumi na moja zilizobaki.

Wakati huo nilikuwa nimerudi Mombasa miezi minne, na digrii ya biolojia kutoka chuo kidogo cha Amerika kilichozungukwa na mashamba ya mahindi. Kule udaktari husomwa baada ya digrii ya kwanza, na tangu kuomba hadi kuingia darasani hupita mwaka mzima na zaidi. Wenzangu wenyeji waliupitisha mwaka huo kwenye maabara na hospitali. Viza yangu mimi ilikuwa ya masomo, na masomo yalikuwa yamekwisha. Nikarudi nyumbani.

Nyumbani ni Kuze, mtaa wa Mji wa Kale, kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Wazazi wangu wako Malindi. Nililetwa kwa shangazi nianze darasa la kwanza, na hakuna aliyerudi kunichukua, kwa kuwa mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Shangazi hakujaliwa mtoto. Ana nyumba ya ghorofa mbili, magoti mabovu, na kazi isiyo na kibao mlangoni: huosha maiti wa kike. Akifariki mwanamke Kuze au mitaa ya jirani, jamaa zake huja kubisha, naye huchukua mkoba wake akaenda. Amefanya hivyo tangu kabla sijazaliwa. Ni kazi ya thawabu, kwa hivyo haina mshahara wala likizo.

Msaidizi wake wa miaka mingi alikuwa amehamia Tanga kwa mwanawe. Wiki niliyorudi, shangazi alinitazama nikiwa nimekaa barazani na kompyuta mapajani.

"Una mikono?"

"Ninayo, shangazi."

"Basi ndoo."

Kwa Kimvita "ndoo" ni "njoo", na ndoo ya maji nayo ni ndoo. Katika kazi yetu mara nyingi alivihitaji vyote viwili, kwa hivyo nilizoea kwenda nayo.

Sharti lake aliniambia njiani, kabla hatujafika nyumba ya kwanza. "Utakaloliona kule ndani, ukiona zuri waweza kulisema. Ukiona baya, limeze. Usimwambie babako, wala mumeo ukiolewa."

"Na nisipojua kama ni zuri au ni baya?"

"Meza."

Kazi yenyewe si ndefu kuieleza. Mwili hufunikwa kanga muda wote, mkono ukapita chini ya kanga. Huanzwa upande wa kulia. Maji mengine hutiwa majani ya mkunazi, na ya mwisho hutiwa kafuri. Nywele husukwa mikia mitatu. Kisha huja sanda, vipande vitano. Bafta ya sanda tuliinunua Biashara Street, kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyemuuliza kila mteja anataka nini, isipokuwa shangazi. Akimwona shangazi alishusha jora akauliza urefu.

Siku ile ya kwanza nilitumwa kupasha maji. Nikayaleta. Shangazi akatia kiwiko.

"Ya moto mno."

Nikaongeza ya baridi. Akatia kiwiko tena. "Sasa yamekuwa baridi."

Nikamwuliza kwa adabu kama marehemu mwenyewe anahisi.

"Hahisi," akasema. "Mimi nahisi. Rudi kapashe."

Wakati huohuo nilikuwa na mambo ya Amerika. Chuo changu kilinipa mshauri, mama mmoja mpole ambaye tulizungumza kwa video kila Jumatatu. Nilianza na orodha ndefu ya shule. Akaniambia niondoe zile zisizopokea wanafunzi wa kigeni. Nikaziondoa. Akaniambia niondoe zinazopokea wageni kutoka Kanada tu. Sikuwa nikijua kwamba kuna wageni na kuna wageni wa Kanada, lakini nikaziondoa. Kisha tukaondoa zile zinazosema zinapokea ila hazikumbuki kama ziliwahi kumpokea mtu. Zikabaki shule tisa.

"Sasa ni orodha safi," akasema.

Akasema pia nahitaji saa za kumtazama daktari akifanya kazi. Nikampata mmoja mwenye kliniki upande wa Makupa, mtu wa bara, mkimya, aliyekubali bila maswali. "Simama hapo penye pazia," akaniambia, "na usiguse kitu." Nilisimama penye pazia wiki kumi. Wagonjwa walidhani mimi ndiye mfungua pazia, nami nikawa nalifungua. Niliona masikio mengi.

Saa za kliniki zikaingia kwenye fomu. Zikabaki saa za shangazi. Nilipozijumlisha zilikuwa themanini na nne, nikamwuliza mshauri kama niziandike. Akaniomba nirudie nilichosema, nikarudia, akavua miwani.

Fomu hutaka kila jambo liwekwe kwenye fungu lake: ama la kitabibu, ama lisilo la kitabibu. Tulijadiliana nusu saa nzima kama maiti ni mgonjwa. Mshauri alisema kuna maana ambayo kwayo ni mgonjwa. Nikasema alikuwa mgonjwa, lakini amepumzika. Mwishowe tukaliweka kwenye lisilo la kitabibu. Cheo cha msimamizi nikaandika Mwoshaji Mkuu; chini yake hakukuwa na mwoshaji mwingine ila mimi, lakini fomu haikuuliza hilo. Barua pepe ya msimamizi nikaandika hana. Fomu ikakataa neno hilo mara tatu, kisha ikakubali namba ya simu.

Ikabaki insha. Kila mwombaji huandika insha moja kueleza kwa nini anataka udaktari, na inasemwa kwamba hiyo ndiyo inayosomwa. Yangu ya kwanza ilihusu maji. Nilieleza kiwiko cha shangazi, na kupasha maji mara tatu kwa ajili ya mtu asiyehisi, na jinsi nilivyoanza kulipima joto mwenyewe bila kuambiwa.

"Ni nzuri," mshauri akasema Jumatatu. "Lakini simwoni mtu. Hakuna mmoja aliyekugusa?"

Alikuwepo. Wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa tumeitwa kumwosha mtu niliyemjua. Kumhusu yeye nakomea hapo. Kunihusu mimi naweza kusema. Shangazi alipofunua uso, mikono yangu ilisimama hewani na kopo la maji, nikangoja ishuke, haikushuka. Shangazi hakunikemea. Alilichukua kopo akanionyesha nishike kichwa.

"Shika kitwa tu," akasema. "Kisiguse ubao."

Nilikishika hadi mwisho. Sikutarajia kwamba kichwa cha mtu ni kizito kiasi kile. Nilikuwa nimekisoma miaka minne, mifupa yake yote naijua kwa majina, na hakuna kitabu kilichonitajia uzito. Tulipomaliza nilitoka uani nikalia, nikanawa uso bombani, nikarudi kukunja kanga.

Basi nikaandika hilo. Niliandika siku mbili, na niliandika kila kitu: uso, mikono, tulichokikuta, kilichosemwa mlango wa pili na waliodhani hatusikii. Ilikuwa insha bora kuliko chochote nilichowahi kuandika katika lugha yoyote. Nikampelekea mshauri. Alijibu siku ileile, ingawa haikuwa Jumatatu. Aliandika neno moja, "Hii", mara tatu.

Shangazi alikuwa sebuleni akichambua majani ya mkunazi, akaniona.

"Umeandika nini hata wateka peke yako?"

Nilikuwa natabasamu tu, lakini kwake kutabasamu na kucheka ni kitu kimoja. Nikakaa chini nikamfasiria insha yote, sentensi baada ya sentensi. Alikuwa anatoa majani kwenye vijiti, na nilipofika katikati mikono yake ikaacha kutoa. Nilisoma hadi mwisho. Nilifikiri atalia.

"Huyu," akasema, "bintiye anakaa wapi siku hizi?"

"Amerika."

"Mji gani?"

"Siujui, shangazi."

"Na hao watakaokusoma, wako mji gani?"

"Miji tisa."

Akalitoa jani moja, akalitia kwenye sinia. "Haya," akasema.

Hakunikataza. Angenikataza tungebishana, na katika kubishana mimi hodari. Ningemwambia sikutaja jina, sikutaja mtaa, na kwamba Amerika ni pana. Aliendelea na majani yake. Nikaingia chumbani, nikafungua insha, nikaisoma tena kama vile ninayeisoma ndiye yule binti, niko mahali fulani penye baridi, na mama yangu ni yule. Sikufika aya ya tatu. Nikaifuta. Asubuhi nikairudisha ile ya maji, nikapunguza maneno yaliyozidi.

"Unaitupa insha yako bora," mshauri aliniambia.

"Ndiyo."

"Umeniambia wewe mwenyewe hakuna jina ndani yake."

Nikamweleza sharti la shangazi. Akasema anaheshimu. Jumatatu iliyofuata akaniuliza kama bado ninayo mahali.

Shule tisa zikapokea maombi. Saba zilijibu kwamba zimenisoma kwa makini na kunitakia kheri. Mbili zikaniita kwenye mahojiano ya video.

Nyumba yetu intaneti hushika vizuri ghorofa ya juu tu, na ghorofa ya juu ina mpangaji. Ni karani wa bandarini, mtu wa bara, mwimbaji wa kwaya, aliyekaa kwetu miaka sita na hajapata kuchelewa kumsalimia shangazi. Alinikabidhi chumba chake alasiri nzima, akatandika kitanda, akaenda kukaa barazani akiwa amevaa tai, ingawa hakuna aliyemwomba. Kule Amerika ilikuwa asubuhi. Nilijifunga mtandio wangu mzuri, nikakaa mbele ya kompyuta, nikaanza. Dakika kumi baadaye nikaona, kwenye kile kidirisha kidogo kinachokuonyesha sura yako mwenyewe, kwamba nyuma ya bega langu ilikuwepo kalenda ya kanisa yenye picha kubwa ya Yesu akiwa na kondoo. Nikajua wahojaji nao wameiona, na kwamba wao ni watu wa adabu.

Walikuwa wawili, daktari mzee na mwanamke wa makamo. Mwanamke alikuwa ameisoma fomu.

"Tueleze juu ya mmoja katika uliowaosha," akasema, "ambaye alikubadilisha."

Nikasema samahani, siwezi.

"Bila jina, bila shaka."

"Kuze kuondoa jina hakusaidii," nikasema.

Wakatazamana. Niliona mzee anaandika kitu, kirefu, na sikuona ni nini. Mwanamke akaniuliza, basi, ni kipi ninachoweza kukisema. Nikawaeleza kupasha maji. Nilieleza vibaya, nilianza mwishoni, nikasahau kutaja kiwiko, nikarudi kukitaja. Walishukuru. Nilipozima kompyuta niliishusha ile kalenda nikaiweka juu ya kitanda, kisha nikaona si adabu, nikaitundika tena.

Mahojiano ya pili yalikuwa na mtu mmoja, daktari wa upasuaji aliyestaafu. Aliwahi kufika Nairobi miaka mingi iliyopita, akala samaki, na samaki yule aliujaza muda mwingi. Hakuuliza juu ya kuosha. Aliuliza kama napenda kufanya kazi na wenzangu, nikasema napenda. Mwisho akauliza kama nina swali. Nilikuwa nimeandaa matano, yote yakanitoka kichwani. Nikamwuliza yule samaki alikuwa samaki gani. Hakukumbuka.

Wiki mbili baadaye shule hiyo ya pili ilimpigia shangazi simu.

Sikuwepo. Shangazi alikuwa uani anaanika kanga, simu ikalia kwa namba ndefu ya ajabu, na mtu akazungumza Kiingereza. Shangazi anawajua matapeli wa simu. Mwaka ule walikuwa wamempigia mara mbili kumwambia ameshinda gari. Aliniambia alivyomjibu, na aliniambia kwa fahari: "Nikamwambia, sikiza mwanangu, mimi gari sitaki, na una sauti nzuri, mwogope Mungu utafute kazi. Nikakata."

Jioni nikapata barua pepe. Shule ilijaribu kuzungumza na msimamizi wangu na haikufaulu kuelewana naye. Wangepiga tena kesho alasiri. Mkalimani anaruhusiwa, mradi asiwe mwombaji mwenyewe.

Mkalimani alikuwa mmoja tu. Mpangaji aliomba ruhusa kazini, akaja na ile tai. Walikaa sebuleni, simu mezani imewekwa sauti kubwa. Mimi nilikaa ngazini, nyuma ya mlango, jambo ambalo barua haikulikataza.

Mwanamke wa upande wa pili alijitambulisha. Akauliza kama ni kweli nimefanya kazi chini ya shangazi.

"Chini vipi?" shangazi akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa chini, magoti hayapandi. Yeye husimama."

Mpangaji akasema kwa Kiingereza kwamba ni kweli.

Akauliza nafanyaje kazi inapozidi na watu wanapokuwa na haraka.

"Mwambie watu wetu hawana haraka. Jamaa zao ndio wenye haraka."

Mpangaji akafikiri kidogo. Yeye kazi yake ni kuwaeleza wenye mizigo kwa nini mizigo yao haijatoka. Akasema kwamba wahudumiwa wenyewe ni watulivu sana, changamoto hutoka kwa familia, na mwombaji anazimudu pande zote mbili.

Akauliza kama yamewahi kuwepo malalamiko.

"Hakuna aliyerudi," shangazi akasema.

"Hakuna," mpangaji akasema.

Mwanamke akauliza udhaifu wangu. Niliposikia swali hilo nilisogea ngazi moja chini.

"Huchelewa," shangazi akasema mara moja. "Ukimwita saa mbili huja saa mbili na robo. Na hulia."

"Hulia?" mpangaji akauliza kwa Kiswahili, kwa ajili yake mwenyewe.

"Mara moja. Alitoka nje kwanza. Mbele ya mwenyewe hakulia. Kazi aliimaliza."

Nilidhani mpangaji atatafuta maneno makubwa, kama alivyofanya kwa yale mengine. Lakini alifasiri sawasawa alivyoambiwa, neno kwa neno, pamoja na kuchelewa na ile robo saa. Mwanamke akashukuru, akasema hana swali jingine. Shangazi akamwambia mpangaji amwulize naye kama amekula mchana. Mpangaji akauliza. Kule kulikuwa bado asubuhi, lakini mwanamke akasema asante, amekula.

Shule ya kwanza, ya kalenda na yule mzee aliyeandika kitu kirefu, ilinikataa baada ya mwezi mmoja. Ya pili ilinikubali mwezi wa tatu. Sijui kwa nini. Mpangaji anaamini ni kwa ajili yake. Mshauri anaamini ni insha ya maji, ambayo sasa anasema aliipenda tangu mwanzo. Inawezekana pia ni samaki. Iliyofuata ilikuwa barua ya karo na dhamana, nayo sitaieleza, ila kwamba mfuko wa msaada wa shule ulibeba sehemu kubwa na ukoo wa babangu wote, kwa kusaini dhamana, ulijua namba ya pasipoti yangu kwa moyo.

Nilikwenda kumwambia shangazi. Alikuwa jikoni anachambua mchele.

"Alhamdulillahi," akasema, akainuka kwa shida akanibusu paji la uso, akakaa tena. "Ni miaka mingapi?"

"Minne."

"Halafu warudi."

"Halafu kuna mafunzo ya hospitalini, shangazi. Mitatu. Pengine mitano."

Akasukuma punje mbili kando kwa kidole. Shangazi ana miaka sabini na mitatu.

"Minne na mitano," akasema. "Tisa."

"Ndiyo."

"Haya. Nitajaribu."

Sikumwuliza atajaribu nini. Nikakaa chini nikamsaidia kutoa mawe.

Nilisafiri mwezi wa saba. Msaidizi wake wa sasa ni mjane wa mtaa wa pili, mwanamke mwenye nguvu ambaye, kwa maneno ya shangazi, hunena mno lakini hubeba. Shangazi nampigia kila Ijumaa baada ya sala ya kwao, ambayo kwangu ni alfajiri. Hanielezi nani ameoshwa wiki hiyo, nami simwulizi. Huniuliza jana nilikula nini. Namwambia. Naye huniuliza kama ni hicho tu.